Kiti cha Ngozi chenye Springi katika Njia za Nyamiaga: Starehe ya Nani?

Kiti cha baiskeli cha ngozi hakikubuniwa kwa ajili ya milima ya Ngara. J. B. Brooks alipata hataza yake ya kwanza ya kiti huko Birmingham mwaka 1882, miaka sita kabla ya Dunlop kuleta tairi la upepo. Katika zama hizo za magurudumu magumu, kiti kilibeba karibu jukumu lote la kumkinga mwendeshaji dhidi ya mitikisiko. Baiskeli za Raleigh zilizoenea Tanganyika chini ya Mwingereza zilirithi umbo hilo: ngozi iliyowambwa kati ya ncha mbili za chuma, na springi chini yake.

Je, kiti hicho kilileta starehe? Kwa aliyekaa, ndiyo. Mwendeshaji wa baiskeli hizo huketi wima, na sehemu kubwa ya uzito wake huangukia kiti. Springi hupokea mshindo ambao vinginevyo ungeishia mgongoni. Anayeinama mbele huugawa uzito huo na mikono, hivyo springi humfaa kidogo. Ngozi nayo hujifinyanga polepole kwa umbo la mwenyewe. Hapa ndipo ninapotilia shaka sifa zake kijijini, kwa maana baiskeli ya kuazimana haina mwenyewe mmoja, na kiti kilichomzoea baba hakimstahi mwanawe. Aidha, ngozi iliyolowa mvua ya masika kisha ikakaliwa hulegea, na kukaza nati yake mara kwa mara huichosha zaidi.

Hata hivyo, jambo zito zaidi katika Nyamiaga ni miinuko. Msafirishaji wa mikungu ya ndizi haketi anapopanda kilima. Husukuma, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo au kiti. Kwake, kiti ni mshikio. Abiria wa keria naye, hata akiwekewa mto wa sponji, hukaa juu ya vyuma visivyo na springi. Starehe ya kiti cha ngozi, kwa hiyo, ilikuwa ya mtu aliyesafiri peke yake na mzigo mwepesi: tarishi, mwalimu, katekista. Historia inayoihesabu baiskeli kama mali ya kaya bila kuuliza nani aliketi na nani alisukuma hulificha tabaka hilo.

Katika siti za bei nafuu zilizofuata, kama mafundi waziitavyo, ngozi iliondoka ikaja sponji iliyovikwa plastiki. Springi zilibaki.