Lyimo ni wengi, babu ni yupi?

Ukisimama nje ya kanisa la Kilema siku ya Jumapili ukaita "Lyimo!", jiandae kuwapisha watu. Nenda jirani Marangu ukaite tena, watageuka wengine. Ndugu msomaji, kama ukoo wako ni mdogo huwezi kuijua adha hii. Sisi wa koo kubwa za Uchagani, Lyimo, Massawe, Mosha, Mushi, tukiulizwa "Wewe ni wa kwa nani?" tunajua kwamba jina la ukoo halijajibu chochote.

Zamani halikukusudiwa lijibu peke yake. Mchagga alijulikana kwa jina lake, jina la baba yake, kihamba chao na rika lake la jando. Ukoo ulitajwa mwishoni, hasa penye tambiko, posa na ugomvi wa mipaka. Vitabu vya ubatizo, stakabadhi za kodi na madaftari ya shule ndivyo vilivyoukata mnyororo huo mrefu vikabakiza pingili mbili: jina la Kikristo na la ukoo. Karani alipumzika, sisi tukapotezana.

Kwa bahati mbaya, wageni wa mwanzo walioandika habari zetu walikuwa na macho kwa wakubwa tu. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alifika Kilema mwaka 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara kutoka pwani. Tarehe 11 Mei mwaka huo aliiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa Ulaya wakambishia kwa miaka. Mangi Masaki wa Kilema tunamsoma. Waliomkatia Rebmann ndizi na kumtekea maji hatuwasomi. Mwaka 1890 wakaja mapadri wa Roho Mtakatifu, Askofu de Courmont na wenzake Le Roy na Gommenginger, wakapokewa na Mangi Fumba. Misheni ikaanzishwa, na mwishoni mwa karne hiyo ya 19 mapadri walikuwa wameotesha mibuni Kilema. Pamoja na mibuni likaja jambo lililonipeleka mimi huko: daftari la wabatizwa.

Sikwenda kwa starehe. Kijana wa kaka yangu alileta habari kwamba amepata mchumba, binti wa Marangu, msomi, mwenye adabu. Jina? Lyimo. Mzee wa ukoo wetu aliweka kata ya mbege chini bila kuinywa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina neno nao, kwani inakataza ndugu wa karibu kabisa. Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinazuia hadi daraja la nne, yaani watoto wa ndugu wawili. Lakini kwa wazee wetu damu ya ukoo mmoja haina daraja. Kama babu aliyeanzisha nyumba yetu Kilema alitoka katika nyumba ya yule binti, posa imekufa.

Mzee alikuwa na hadithi yake tayari: babu yetu alitokea upande wa macheo, akiwa na mbuzi jike na machipukizi ya mgomba, akaomba ardhi kwa Mangi, akapewa. Huyo huyo, akasema, ndiye aliyebatizwa na mapadri akiwa mkongwe. Upande wa Marangu nao walikuwa na mtoto wao wa kati aliyegombana na baba yake kwa sababu ya ardhi akaenda machweo, hakurudi. Jina lake? Lile lile la babu yetu. Watu wakatikisa vichwa. Kesi imekwisha.

Mimi sikuridhika, na nitaeleza kwa nini. Kwa mila yetu mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa kihamba anapooa, na kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi. Wa kati hujitafutia. Kwa hiyo hakuna ukoo mlimani usio na mtoto wa kati aliyeondoka kwa hasira. Hadithi ya namna hiyo inamfaa kila mtu kama koti la mtumba. Na majina je? Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Maana yake jina moja huruka kizazi na kurudi, huruka na kurudi. Ukimsikia mzee anamtaja babu mmoja aliyefanya mambo mengi mno, uliza kwanza kama si watu wawili.

Daftari likasema ni wawili. Mkongwe aliyebatizwa ameandikwa kwa mwandiko mwembamba wa padri, herufi za Kichagga zikiwa zimepindishwa Kifaransa, lakini jina la baba yake linasomeka, na mahali pa kuzaliwa ni Kilema. Mtu aliyezaliwa Kilema hawezi kuwa ndiye aliyehamia Kilema. Aliyehamia ni babu yake mwenye jina kama lake, vizazi viwili nyuma. Bibi mmoja aliyeolewa nyumbani kwetu, ambaye hakuna mwanamume aliyefikiri kumuuliza, alicheka akasema mama mkwe wake alikuwa akiwatofautisha siku zote: wa mbuzi na wa padri.

Ikabaki kujua yule wa Marangu aliondoka lini. Wazee wa kule hawana mwaka, ila wana kumbukumbu: aliondoka Mjerumani alipokuwa na kituo Marangu. Hapo historia ya shule ikatusaidia. Carl Peters alikaa Marangu kuanzia mwaka 1891, na unyongaji alioufanya pale, wa mtumishi wake Mabruk na msichana wa Kichagga, ulifika hadi bungeni Berlin ukamfukuzisha kazi mwaka 1897. Mambo ya namna hiyo mlimani hayasahauliki. Basi yule kijana alipokuwa akifunga mzigo wake mwaka 1891 au baadaye kidogo, "babu wa padri" wetu alikuwa tayari mzee mwenye wajukuu Kilema, na "babu wa mbuzi" alikuwa amekwisha lala chini ya masale siku nyingi. Si mtu mmoja.

Mzee wetu, ambaye hapendi kushindwa na karatasi, aliuliza: na kabla ya babu wa mbuzi? Swali zuri. Wazee wa pande zote mbili waliketi Desemba, wakati sote tunapopanda mlimani kuchinja, wakahesabu kila mtu nyumba yake kwa sauti hadi majina yakawaishia. Hayakukutana popote. Wakaamua kwamba pale hesabu inapoishia ndipo kizuizi kinapoishia, mbuzi akachinjwa, na majani ya sale yakapitishwa mkono hadi mkono.

Posa imepokelewa. Kwa sasa ugomvi uliobaki ni kwamba bwana harusi ni Mkatoliki na familia ya binti ni Walutheri tangu enzi za wamisionari wa Leipzig, waliofungua kituo Mamba mwaka 1894.