"Born Free" na Neno Huru

Miongoni mwa filamu zilizotengenezwa Kenya, ni chache zilizosifiwa kwa muda mrefu kama "Born Free", iliyoongozwa na James Hill na kutolewa mwaka 1966. Ilipigwa picha Naro Moru, katika nyanda zilizo kati ya Nyeri na Nanyuki. Je, yastahili sifa hiyo?

Hatuna budi kwanza kuipa haki yake. Virginia McKenna na Bill Travers, mume na mke, walitembea wenyewe na simba mbele ya kamera, naye George Adamson, ambaye maisha yake ndiyo yanayosimuliwa, akawa mshauri wao. Muziki wa John Barry ulipata tuzo mbili za Oscar, moja kwa ajili ya wimbo alioutunga pamoja na Don Black. Aliyezoea filamu za zamani, ambamo simba hutokea ili apigwe risasi tu, hawezi kulidharau badiliko hili. Sisi hatulidharau.

Shida yetu i katika historia. Elsa na ndugu zake wawili walipatikana Februari 1956, baada ya Adamson kumwua mama yao. Oktoba mwaka uo huo, Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri. Novemba akahukumiwa mjini humo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Wakati huo wananchi wa Nyeri walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa nguvu na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Katika filamu hakuna hata kivuli cha mambo hayo, ingawa ilitengenezwa baada ya uhuru wa 1963, na chini ya mlima ule ule.

Atasema msomaji kwamba hiki ni kisa cha simba, si cha siasa. Jibu hilo lingetosha kama filamu isingalijiita kwa neno huru. Katika Kiswahili cha pwani, aliyezaliwa huru ni mwungwana, na kinyume chake ni mtumwa. Sifa hii ni ya binadamu, tena yahusu nasaba na heshima yake mbele ya watu. Mnyama asiyefugwa twamwita wa mwitu, na hilo ni jambo jingine kabisa. Filamu imelitwaa neno la binadamu ikampa simba, katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakilipigania.

Tazama pia mwanzo wake. Mwanamke afua nguo mtoni, simba amwua. Hatuambiwi jina lake, wala hatuwaoni waliomlilia, ila kifo chake ndicho kinachomtoa Adamson nyumbani na kukianzisha kisa. Nuru, mtumishi anayechezwa na Peter Lukoye, angalau ana jina, na Lukoye amcheza kwa uchangamfu unaostahili nafasi kubwa zaidi.

Kwa maoni yetu, sifa ya filamu hii ni halali kwa namna inavyomtazama mnyama, lakini haifai kupokewa kama picha ya Kenya ya miaka ile. Hata kwa simba wenyewe neno lile lilikuwa zito. Upigaji picha ulipokwisha, McKenna, Travers na Adamson waliomba simba waliotumiwa waachiliwe. Watatu, Boy, Girl na Ugas, walikwenda Meru na Adamson. Wengi wa waliosalia walipelekwa katika bustani za wanyama.