Msamiati wa Tanzia ya Kiyunani: Vita na Miungu katika Waajemi

Mtahiniwa akiulizwa tanzia ni nini, aghalabu hujibu kuwa ni tamthilia ya huzuni ambamo shujaa huanguka kwa sababu ya dosari katika tabia yake. Jibu hili limekaririwa mno madarasani. Chimbuko lake ni neno hamartia alilolitumia Aristotle katika Poetiki, ambalo maana yake ya msingi ni kukosa shabaha. Si lazima awe mtu mwenye tabia mbovu. Isitoshe, Aristotle alizaliwa mwaka wa 384 K.K., ilhali Waajemi ya Aeschylus, tanzia kongwe zaidi iliyotufikia nzima, iliigizwa Athens mwaka wa 472 K.K. Ukitaka kuihakiki, anza na maneno yaliyomo ndani yake.

Aeschylus alikuwa amepigana Marathon mwaka wa 490 K.K. Miaka kumi baadaye, meli za Xerxes, mfalme wa Uajemi, zilishindwa na Wayunani huko Salamis. Bila shaka miongoni mwa watazamaji walikuwamo waliopiga makasia siku ile. Hata hivyo mandhari ni Susa, kwa adui, na wanaolia ni wazee wa Kiajemi wa koro, yaani kundi la waimbaji. Hakuna Myunani anayetajwa kwa jina.

Je, ni nani aliyewashinda Waajemi? Tarishi anataja daimoni, nguvu ya kiungu isiyo na jina wala sura. Usiifasiri kuwa shetani. Anataja pia fthonosi, husuda ya miungu kwa binadamu aliyekwezwa mno. Hapa neno letu kijicho linatosha kabisa. Vivyo hivyo, Malkia anapomwaga sadaka kaburini ili mumewe marehemu, Darius, ajitokeze, tunayo tayari tambiko na mzimu.

Ugumu umo katika hubrisi. Wengi huandika kiburi, lakini kiburi hukaa moyoni. Hubrisi ni tendo: kuvunja mpaka, kudhalilisha kisichostahili kudhalilishwa. Xerxes aliunganisha meli zikawa daraja juu ya mlango-bahari wa Hellespont, akaufunga kama mtumwa. Ndiyo maana jazanda ya nira imetapakaa katika tamthilia hii. Katika ndoto ya Malkia, Xerxes anawafunga nira wanawake wawili, mmoja anatii, wa pili anaivunja. Hubrisi huzaa ate, upofu wa akili na maangamizi yanayoufuata. Darius anayaunganisha mawili haya kwa jazanda ya mmea na mavuno.

Sasa tahadhari, mtahiniwa. Ukiandika kwamba yote haya yalikuwa majaliwa, umemwondolea Xerxes lawama ambayo mwandishi amemtwika. Darius anakiri kuwa utabiri wa Zeus ulikuwapo, ila alitarajia utimie baada ya muda mrefu. Mwanawe aliuharakisha, na mtu akiharakisha maangamizi yake, mungu humsaidia. Miungu na binadamu wanatenda pamoja. Neno kudura, lenye uzito wa imani zetu za Mungu mmoja, halibebi maana hiyo.

Hatimaye Xerxes anaingia, mavazi yameraruka, akilia kwamba daimoni amemgeukia. Wazee wanalia naye. Kisha wanamuuliza majemadari wako wapi, wakiwataja mmoja mmoja kwa majina.