Jimbo Lililobadilishwa Majina, na Nyimbo Zake



Wenzetu mnaoishi Marekani mmekuwa mkituringia kwamba huko karibu kila jimbo lina wimbo wake. Ni kweli. Mwaka 1979 Georgia iliufanya "Georgia on My Mind" kuwa wimbo rasmi wa jimbo, baada ya Ray Charles, mzaliwa wa mji wa Albany humo humo Georgia, kuurekodi mwaka 1960 na kuufikisha duniani kote. (Mtunzi wa muziki wake, Hoagy Carmichael, alikuwa mtu wa Indiana, lakini hilo halikumsumbua yeyote.) Texas imeimbwa, Tennessee imeimbwa, na miji yao tunaijua kwa majina sisi ambao hatujawahi kuikanyaga.

Sisi tulioko Isipingo tumeona si vibaya kuwajibu. Lipo jimbo katika bara letu ambalo nyimbo zake ziliimbwa kwa Kiswahili, zikasikika kutoka Cape Town hadi Nairobi, na wengi wetu tulizisikia utotoni bila kujua zimetoka wapi. Jimbo hilo ni Katanga. Tulivyokuja kulijua ni habari ya kutuaibisha kidogo, lakini tutaieleza.

Isipingo ni mji mdogo kusini mwa Durban, jirani na viwanda vya Prospecton na kitongoji kikubwa cha Umlazi. Watanzania na Wakenya tulioko hapa wengi tumeletwa na kazi za viwandani na za uhandisi. Wakongo ni wengi kuliko sisi, na wengi wao ni watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Ukienda dukani Durban, anayekulindia gari akiwa amevaa kizibao kinachong'aa, akingoja sarafu utakazompa ukiondoka, mara nyingi ni Mkongo, na si ajabu akawa mwalimu au fundi mchundo aliyekosa karatasi za kumruhusu kufanya kazi aliyoisomea.

Tulikuwa tukicheka Kiswahili chao. Hatukuwacheka kwa ubaya, tulijiambia, lakini tulicheka. Katika kila mkusanyiko wetu hakukosekana mtu wa kuigiza "batoto" na "muke" na "njo vile", na wenyewe wakiwepo walitabasamu kwa adabu. Ilipopendekezwa kwamba waingizwe katika chama chetu cha Waswahili, mmoja wetu aliuliza kama tutahitaji mkalimani. Watu walicheka, na hoja ikaahirishwa.

Kisha ikatokea arusi ya mwenzetu mmoja. Umeme ulikatika, muziki ukanyamaza, wageni wakaanza kutazama saa. Mzee mmoja Mkongo, mlinzi wa magari, akaomba gitaa la kijana aliyekuwa karibu. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na bado ukidhani kuna magitaa mawili. Wimbo wenyewe tuliutambua mara moja. Tuliusikia tukiwa watoto katika redio za baba zetu, na siku zote tuliamini ni wimbo wa Kenya. Tulipomwambia hivyo, mzee alicheka, safari hii yeye. "Hapana, baba. Ile wimbo njo ya kwetu, ya Jadotville."

Wimbo ule ni "Masanga" wa Jean-Bosco Mwenda.

Ili kuuelewa inabidi turudi nyuma, na tutakaporudi tutajikuta Tabora. Katika miaka ya 1850 kijana wa Kinyamwezi aliyeitwa Ngelengwa alifuata njia ya biashara ya shaba aliyoipita baba yake, akavuka Ziwa Tanganyika na kuingia nchi ya Katanga. Alibaki huko, akajenga dola na mji mkuu wake Bunkeya, akajulikana kwa jina la Msiri. Watu wake wakaitwa Bayeke. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na upande wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, msafara ambao ulianzia pwani ya Zanzibar na kubebewa mizigo na wapagazi wa pwani. Kwa hiyo Kiswahili kilifika Katanga pamoja na mfalme, na kikafika tena pamoja na waliomuua. Jina kamili alilolitumia mpiga gitaa wetu baadaye ni Mwenda wa Bayeke. Sisi wa Tanzania tuliokuwa tukicheka "batoto" tulikuwa tunacheka watu waliotoka kwetu.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ikafika mahali ambapo Wabelgiji walipima mji na kuuita Elisabethville, kwa jina la malkia wao. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi, na katika makambi ya kampuni lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili, kikachukua rangi za lugha zote hizo. Ngoma ya beni, iliyozaliwa Mombasa na Lamu, nayo ikapata wachezaji huko. Mji mwingine wa shaba uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, ambaye alikuwa mhandisi. Tunakiri kwamba sisi wa fani hiyo tulijisikia fahari kwa dakika moja, hadi tulipokumbuka kwamba mahali pale palikuwa na watu na jina kabla yake.

Maisha ya makambi hayakuwa ya kuimbiwa sifa. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodini waligoma kudai mshahara, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi mjini Elisabethville wakiwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Waliokufa walihesabika kwa makumi. Lakini mshahara, hata mdogo, ulikuwa ni fedha taslimu, na kwa fedha taslimu kijana aliweza kununua gitaa. Ndiyo maana gitaa la Katanga tunalihesabu kuwa tunda la mgodi kama ilivyo shaba yenyewe.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville na mitambo yake ya kurekodi. Huyu alikuwa Mwingereza aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, na watu wa Durban wana haki ya kumdai kidogo, kwani kuanzia 1936 hadi 1947 aliongoza studio za utangazaji za mji huu. Miaka miwili kabla ya Jadotville alikuwa Kenya, ambako aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyevuma kwa wimbo wake kuhusu Texas, na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi Kericho. Kwa hiyo, ndugu zetu wa Texas, nyimbo zenu zilitutembelea mapema. Zetu nazo zilikuwa zinajiandaa kusafiri.

Mwenda alikuwa na umri wa miaka kama 22. Tracey alirekodi nyimbo zake kadhaa, na kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikazitoa katika santuri zilizouzwa kusini, katikati na mashariki mwa Afrika. Atakayetafuta humo sifa za mji, au dohani la kuyeyushia shaba, au kilima cheusi cha mabaki yake, hatavipata hata katika majina ya nyimbo: "Mama na Mwana", "Kijana Muke", "Tambala Moja", yaani kitambaa kimoja. Ni mambo ya nyumbani ya watu waliokutana mjini wakitoka makabila mbalimbali, ambao nyumba si yao, kazi si yao, na mji wenyewe umepewa jina la mgeni. Kwa maoni yetu hizo ndizo nyimbo za mji kweli, kuliko zile zinazoutaja kila mstari.

Upigaji wake uliwashangaza wataalamu. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft aliuchambua nota kwa nota katika jarida la African Music. Vijana wa Nairobi hawakungoja jarida. Mwenda mwenyewe alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, naye alikaa huko akiimba hata matangazo ya soda. Hapo ndipo baba zetu walipozipata nyimbo hizo redioni, na hapo ndipo sisi tulipokosea kuhusu kwao.

Katanga ilikuwa na wimbo rasmi pia. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya Kongo kupata uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga kuwa nchi. Nchi hiyo ilijitengenezea bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, na wimbo wa taifa, "La Katangaise", kazi ya Joseph Kiwele. Kiwele hakuwa mtunzi wa kubahatisha. Alikuwa mwanamuziki wa kanisa mwenye elimu kubwa, aliyetunga misa kwa mahadhi ya Kiafrika, na akawa waziri wa elimu wa serikali hiyo. Alifariki mwaka 1961. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakamaliza kujitenga kule, na wimbo ukabaki bila nchi. Tumewauliza majirani zetu wa Lubumbashi kama kuna anayeujua. Wawili walijua kwamba uliwahi kuwepo. "Masanga" waliupiga wote mezani kwa vidole.

Halafu yakaja majina. Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, Albertville ikawa Kalemie. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu akalibadilisha jimbo lenyewe kuwa Shaba, neno letu kabisa la Kiswahili, ingawa hatujakutana na Mkatanga aliyetushukuru kwa hilo. Mwaka 1997 likawa tena Katanga. Mwaka 2015 likagawanywa: Katanga ya Juu, Lualaba, Lomami ya Juu na Tanganyika, na hakuna tena jimbo moja la Katanga. Watu nao waliamriwa kuacha majina ya Kizungu, ndipo Jean-Bosco akabaki Mwenda wa Bayeke. Tukiwa Durban, ambako mtu anakuelekeza kwa West Street na kibao kinasema Dr Pixley KaSeme, hatuwezi kushangaa sana.

Wanamuziki waliendelea kuhama. Mwaka 1972 bendi iliyozaliwa Kamina ilifika Dar es Salaam, na tukaijua kama Maquis. Baba Gaston wa Likasi alipitia Dar kabla ya kuhamia Nairobi. Tulicheza muziki wao ujana wetu wote na kuwaita wetu. Ndiyo maana swali la yule mwenzetu kuhusu mkalimani linatuuma zaidi tukilikumbuka leo.

Linatuuma pia kwa sababu ya Aprili 2015. Vurugu dhidi ya wageni za mwaka ule zilianzia hapa hapa Isipingo mwishoni mwa Machi kabla ya kusambaa Durban. Maduka yalivunjwa, watu walifukuzwa vyumbani mwao, na mamia wakalala katika mahema kwenye uwanja wa michezo: Wakongo, Warundi, Wamalawi na wengine. Sisi wenye nyumba za geti tulipeleka mablanketi na mchele. Lakini nasi tulifunga mageti mapema, tukawakataza watoto kuzungumza Kiswahili barabarani. Aliyekuwa akitafuta wageni hakujali kama mtu anasema watoto au batoto. Baada ya mahema kuondolewa, hoja iliyoahirishwa ilirudishwa kwenye chama na kupita bila mjadala. Ilikuwa imechelewa, baadhi ya waliohusika walikuwa wameshaondoka nchini.

Mwenda hakuyaona hayo. Mwaka 1969 alipiga gitaa lake katika tamasha la Newport huko Marekani, na 1988 alikuja Afrika Kusini na kurekodi albamu Cape Town. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Rekodi alizozifanya Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwenyewe, mjini Grahamstown, ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda. Kutoka kwetu ni safari ya siku moja kwa gari, na tumekuwa tukisema tutakwenda.

Yule mzee wa arusini bado yuko. Mwaka jana tulimsindikiza katika ofisi moja kufuatilia karatasi zake. Karani alimuuliza alizaliwa mji gani, naye akasema Jadotville. Karani akaandika, akatafuta kwenye kompyuta, akasema mji huo haumo. Mzee akatugeukia akatutazama, kisha akamwambia karani aandike Likasi.