Merekani: kitambaa kilichopita mikononi mwa watumwa



Nilipoanza kozi ya ushoni, kitambaa cha kwanza nilichopewa kujifunzia kukata kilikuwa merekani. Ni rahisi, hata ukikiharibu huumii roho. Jina lake sikuliuliza mpaka nilipokuwa na cherehani zangu mwenyewe hapa Chwaka.

Jina limetoka Marekani kweli. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na nchi hiyo, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, akaja kukaa Unguja. Alitoka Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts. Meli za huko zilishusha majora ya pamba isiyopaushwa, zikapakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kilikuwa kizito, hakichakai upesi. Kikapendwa pwani, na huko bara kikawa kama pesa: wapagazi walilipwa kwacho, machifu walitolewa hongo kwacho.

Sasa sikilizeni. Pamba iliyofumwa Massachusetts ilichumwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Ilipofika kwetu ikawavika watumwa wa mashamba ya karafuu, na bara ikanunulia watu wengine. Waters alikuwa mshika dini aliyeuchukia utumwa, lakini biashara aliifanya na haohao wenye watumwa. Simcheki. Na sisi tunaisoma Suratul Mutaffifin inayowakemea wanaopunja vipimo, kisha tunapima kitambaa bila kuuliza nani kapunjwa kabla hakijatufikia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata pamba ile. Vitambaa vya Uingereza na Bombay vikashika soko, jina likabaki. Utumwa hapa ulifutwa kisheria mwaka 1897, ingawa masuria walisubiri mpaka 1909. Wanawake walioachwa huru waliziacha merekani na kaniki, wakavaa kanga na kujitanda vichwa, jambo ambalo mtumwa hakuruhusiwa. Kanga unayowekewa kwenye sanduku la harusi ina historia hiyo.

Karibu na zama zetu, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliwaangukia washonaji. Walikufa zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake, Waislamu kama sisi. Nyufa zilionekana jana yake, wakaamrishwa waingie kazini. Baada ya hapo ndipo kampuni nyingi za nguo za Ulaya zilipokaa na vyama vya wafanyakazi, zikatia saini mkataba wa kuruhusu wakaguzi huru kuingia viwandani. Ilibidi maiti zihesabiwe kwanza.

Bibi harusi mmoja aliniomba nimpunguzie bei ya sare ishirini. Nikamwandikia hesabu yote: kitambaa, uzi, nauli ya kwenda mjini, malipo ya msichana anayetia shanga. Nikamwambia, "Mwanangu, chagua tupunguze wapi." Alinyamaza kidogo, msichana hakumgusa. Akachagua kitambaa cha bei ya chini. Nilipokwenda Darajani kukinunua nikamuuliza muuzaji kimefumwa wapi na nani. Alicheka, akaendelea kupima.