Nasaba ya Ndege Ndogo na Nyanda za Makonde

Mtu asimamaye Newala, ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde, akalitazama bonde la Ruvuma likitanda chini yake hadi Msumbiji, ni muhali kudhani kwamba mchezo wa kurusha ndege za mfano ndani ya kumbi za Uingereza na Marekani una nasaba yoyote na ardhi aikanyagayo. Walakini vitu viwili vilivyousitawisha mchezo huo, yaani mpira uzungushao rafadha na banda kubwa lisiloingia upepo, kila kimoja kina habari yake huku kwetu.

Tuanze na mpira. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, kijana wa Kifaransa aliyeitwa Alphonse Pénaud, umri wake miaka 21, aliachilia mbele ya mashahidi chombo chenye mabawa ya sentimita 45, ambacho rafadha yake ilizungushwa na kamba ya mpira iliyosokotwa ikajikaza, nacho kikaenda yapata mita 40 kwa sekunde 11. Katika miaka iliyofuata watu wa nyanda za Makonde waliingia mwituni kugema utomvu wa mtambaa ambao wataalamu wa mimea waliuita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Kiingereza Unguja. Mgemaji aliuchanja mtambaa, akajipaka utomvu mkononi, ulipoganda akaubandua na kuuviringa tufe. Matufe yakachukuliwa kwa miguu hadi Lindi na Mikindani, yakavuka bahari hadi Unguja, kisha Ulaya. Tufe la Mmakonde liliishia katika gurudumu, kiatu au kidude cha mtoto, hapana awezaye kusema, maana mpira ukishapikwa kiwandani hupoteza kabila lake. Mwaka 1913 bei iliporomoka kwa wingi wa mpira wa mashamba ya Malaya, na biashara ile ikafifia.

Habari ya banda ni ya ajabu zaidi. Novemba 1917, jeshi la Wadachi chini ya von Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa katika nyanda hizi, halina dawa wala risasi za kutosha, na huko Ulaya wakubwa wake wakakata shauri la kulipelekea msaada kwa merikebu ya hewani, L 59, ambayo urefu wake ulikuwa mita 226. Haikukusudiwa kurudi: ingefika Makonde ivunjwe, kitambaa chake kishonwe mahema, na ngozi ya ujia wake wa ndani ifanywe viatu. Nahodha wake Ludwig Bockholt aliondoka Jambol, nchini Bulgaria, tarehe 21, akafika juu ya Sudan, magharibi ya Khartoum, na hapo akapata amri ya simu ya upepo kwamba arudi. Alitua Jambol tarehe 25, baada ya saa 95 na mwendo wa kilomita zaidi ya 6,700. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck, aliyekwisha kuiacha Newala, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Merikebu za namna hiyo zilihitaji mabanda makubwa kama majabali, na zilipokwisha zamani zao mabanda yakabaki. R101 ya Waingereza, iliyotoka Cardington, ilianguka Ufaransa tarehe 5 Oktoba 1930 ikaua watu 48. Miaka mingi baadaye, ndani ya mabanda yale yale ya Cardington, na huko Lakehurst katika Marekani, wakaja watu wazima na visanduku vyao, wakaanza kushindana kwa ndege zisizofikia uzito wa barua.

Kazi yenyewe ni ya subira. Sandukuni hutoka vipande vya balsa, mti mwepesi wa Ekwado, karatasi laini na mchoro wa ndege ya kweli. Wachonga mapiko wa huku, ambao huuacha mpingo wakatafuta mti mwororo ili barakoa isimlemee mchezaji, wangeielewa hekima hiyo bila ya kuelezwa. Waamuzi huilinganisha kwanza ndege na picha za asili yake, rangi kwa rangi na nguzo kwa nguzo, ndipo huitazama ikiruka. Daraja lipendwalo mno ni lile liitwalo Karanga, lililozuka Connecticut mwishoni mwa miaka ya 1960, ambalo bawa lake halizidi sentimita 33. Mwenye ndege huusokota mpira mamia ya mizunguko kwa kekee ndogo, hubandika chembe ya udongo puani ikiwa mkia ni mzito, kisha huiachilia polepole izunguke ukumbi, naye hushika pumzi asije akaiyumbisha. Atakaye kujitia taabuni na aunde Dragon Rapide, ndege ya mabawa mawili mawili ambayo kwayo East African Airways ilianza kazi mwaka 1946: ina rafadha mbili, basi yataka mipira miwili inayokwisha nguvu kwa wakati mmoja, na hilo huwashinda hata mafundi.

Wanaotafuta muda mrefu wa kuelea hushuka hadi Slănic nchini Romania, katika mgodi wa chumvi ambamo hewa haitikisiki. Karanga haitaki makuu hayo. Ukumbi wa shule unaitosha, madamu madirisha yafungwe.