Kabla mshipa haujapasuka: Miaka 70 ya kipimo kinachowapita wazee

Mkazi wa Buigiri, mkoani Dodoma, akiugua leo ana pa kukimbilia. Jirani hapo, Chamwino, ipo Hospitali ya Uhuru, iliyojengwa baada ya Rais John Magufuli kufuta sherehe za Desemba 9, 2018 na kuagiza fedha zake zijenge hospitali. Akipewa rufaa, anapanda gari kwenye barabara kuu itokayo Morogoro hadi Dodoma mjini, kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyozinduliwa Oktoba 2015 na Rais Jakaya Kikwete, yenye CT-Scan na MRI.

Hospitali hiyo ilitimiza miaka 10 mwaka 2025. Mwaka huohuo ilitimia miaka 70 tangu matukio mawili yaliyopishana kwa miezi mitatu: kifo cha mwanafizikia Albert Einstein nchini Marekani, na safari ya daktari mmoja wa Glasgow, Uskoti, aliyepakia uvimbe wa wagonjwa wake kwenye buti za magari. Einstein aliuawa na mshipa uliovimba ambao hakuna aliyeweza kuupima. Safari ya Glasgow ndiyo iliyozaa kipimo chenyewe.

Mshipa huo ni aota, mkubwa kuliko yote mwilini. Hutoka kwenye moyo, ukashuka tumboni mbele ya uti wa mgongo, na usawa wa kitovu ukagawanyika kwenda miguuni. Upana wake tumboni ni kama sentimita 2. Ukifika 3, madaktari huuhesabu kuwa umevimba. Ukuta ukishalegea, damu huusukuma nje kila moyo unapodunda, na upana wake huongezeka milimita chache kwa mwaka, mara nyingi bila maumivu yoyote. Ukipasuka, wengi hufa kabla ya kufikishwa hospitali. Walio hatarini zaidi ni wanaume wa miaka 65 na kuendelea, hasa waliovuta tumbaku.

Einstein alikuwa mtu wa kiko. Kisa chake kilisimuliwa kitabibu mwaka 1990 na Jon Cohen na Michael Graver katika jarida la upasuaji. Desemba 1948, baada ya maumivu ya tumbo yaliyokuwa yakimrudia, daktari Rudolph Nissen, mkimbizi wa utawala wa Hitler, alimpasua mjini New York. Akakuta aota imevimba kufikia ukubwa wa balungi. Wakati huo hakukuwa na mshipa wa kupandikiza. Nissen akauviringishia selofani, ili ikwaruze ukuta wa mshipa na kuujengea kovu gumu la kuushikilia.

Einstein akaishi zaidi ya miaka 6. Katika muda wote huo hakuna aliyeweza kufuatilia kama uvimbe ule umetulia au unakua. Eksirei, iliyogunduliwa 1895, huonyesha ukuta wa mshipa pale tu ulipojaa chokaa. Picha ya dawa iliyodungwa kwenye aota kwa sindano kupitia mgongoni, iliyoanzia Lisbon mwaka 1929, ilikuwa na hatari mno kurudiwa kila baada ya miezi kadhaa. Vilibaki vidole vya daktari tumboni. Aprili 1955 mshipa ukapasuka. Einstein akakataa upasuaji, akafariki Aprili 18 akiwa na miaka 76.

Miezi mitatu baadaye, Julai 21, Profesa Ian Donald, daktari wa akina mama wa Glasgow, alifika kwenye kiwanda cha mabwela cha Babcock & Wilcox huko Renfrew. Kwa masimulizi aliyochapisha mwenyewe mwaka 1974, alifika na magari mawili, buti zimejaa uvimbe uliotolewa matumboni mwa wagonjwa. Wenyeji wake walikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Ili kuwe na kitu cha kulinganishia, wakamletea pande kubwa la nyama ya ng'ombe. Donald akaweka kifaa juu ya kila kimoja na kuutazama mwangwi kwenye kioo. Uvimbe wenye maji ulirudisha mwangwi tofauti kabisa na uvimbe wa nyama ngumu.

Wenzake hawakuacha kumcheka. Ilichukua mgonjwa mmoja kuwanyamazisha: mwanamke aliyekuwa ameshaambiwa ana saratani ya tumbo isiyopasulika. Donald akampima na kuona ni mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari. Ukatolewa, mama akapona. Mwaka 1958 Donald, John MacVicar na mhandisi kijana Tom Brown wakachapisha matokeo yao kwenye jarida la Lancet. Kufikia 1961, Donald na Brown walikuwa wameiona aota iliyovimba kwa kipimo hicho, yaani ultrasaundi.

Yaliyofuata yanajulikana. CT ya Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, na mwaka 1990 Juan Parodi wa Argentina akapitisha bomba la kitambaa ndani ya aota kupitia mshipa wa pajani. Likabaki swali moja: upasue mapema, au usubiri huku ukipima? Utafiti wa Uingereza wa watu 1,090 wenye uvimbe wa kuanzia sentimita 4 hadi 5.5, uliochapishwa 1998, ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliofuatiliwa kwa ultrasaundi. Tangu hapo sentimita 5.5 ikawa mpaka wa kumwita mpasuaji. Mwaka 2009 England ilianza mpango wa kuwapima wanaume wanaotimiza miaka 65: mwenye uvimbe wa chini ya sentimita 4.5 anarudi kila mwaka, kuanzia hapo kila miezi mitatu.

Kwetu habari hii ilipita pembeni. Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa miaka 30, aliandika mwaka 1960 kwamba maradhi ya mishipa ya aina ya Ulaya ni nadra kwa Waafrika. Kwa wakati wake huenda alisema kweli. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wazima wana shinikizo la juu la damu, na wazee wa leo wanaishi hadi umri ambao mshipa huu huvimba. Bado hatuna mpango wa taifa wa kuupima.

Si kwa kukosa mashine. Mkopo wa Uviko wa 2021 pekee uliinunulia nchi CT-Scan 29. Ultrasaundi imezoeleka hadi vituo vya afya, ila tumeifanya kuwa mali ya wajawazito. Mzee akilalamikia mgongo, ambao pengine unaumizwa na mshipa huu, anapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Hilo ni uzembe wa mazoea tu, na linarekebishika.

Maelfu ya wazee tayari wanalazwa kwenye kitanda cha ultrasaundi kwa ajili ya tezi dume. Jeli imeshapakwa, kifaa kiko chini ya kitovu. Kukipandisha kidogo juu na kupima upana wa aota ni kazi ya dakika chache. Wizara ya Afya iandike agizo hilo kwenye mwongozo wa magonjwa yasiyoambukiza: kila mwanamume wa miaka 65 au zaidi anayepimwa tumbo kwa sababu yoyote apimwe na aota, na namba iandikwe kwenye cheti chake ili mwakani ilinganishwe. Na wewe msomaji, ukimpeleka baba au babu kupimwa tezi dume, usisubiri agizo. Mwombe mpimaji aitazame na aota.